Niliyoyasema Juu ya Kinanda

Chumba cha uani,
Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Jumapili, tarehe 16 Machi, saa nane mchana.

Mpendwa mpwa wangu, Nesi wa ukoo wetu,

Anayekuandikia ni mjomba wako, mtu ambaye akiingia ofisi ya ruzuku makarani wanasimama, afisa anaweka kalamu chini, na mlinzi wa mlangoni anamuuliza kama amekunywa chai. Sisemi hivi kwa majivuno. Nasema ili ujue kwamba barua hii haitoki kwa mtu wa kuokotwa njiani.

Baada ya hayo, u hali gani? Mgongo uliokuwa unakuuma kwa kuinua wagonjwa umetulia? Na mkwe wangu bado anafanya zamu za asubuhi? Wale wajukuu zangu wawili je, bado wanagombea kiti cha dirishani? Nasikia huko uliko baridi inapasua midomo. Jipakeni mafuta, msione haya. Mtu akiwacheka, mwambieni mjomba ameagiza.

Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatangaza mvua kabla ya redio. Juzi mkurugenzi wa ghala aliniuliza kama aruhusu lori la unga litoke bila turubai. Nikalishika goti, nikamwambia asubiri.

Hapo nimekwisha kuteleza. Aliyeniuliza hakuwa mkurugenzi, alikuwa dereva wa lori, na aliuliza kwa mzaha. Nimejiapiza barua hii iwe ya kweli tangu juu mpaka chini, kwa hiyo usishangae ukiniona narudi nyuma kufuta nilichotandika. Ni kazi ngumu kwa mtu wa umri wangu. Kalamu inaijua njia yake ya zamani.

Mdogo wako hajambo. Anakula, anacheka, na redio yake bado inaongea tangu alfajiri. Lakini habari zake ndizo zilizonikalisha hapa nikaacha hata usingizi wa mchana, nawe unajua ninavyouheshimu.

Mwezi uliopita nilikupigia simu nikakwambia nimeshinda. Nikasema ruzuku yake ya kutoona imetoka, tena daraja la juu kabisa, na kwamba maafisa niliwabwaga kwa hoja mmoja baada ya mwingine. Ulifurahi mpaka ukalia. Ukasema mama yenu angekuwepo angenishukuru. Nesi, maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki tangu siku ile. Sasa nisikilize nikueleze nilivyoshinda.

Ulipoondoka uliniachia jambo moja tu: nimpeleke ofisini, nisimame kama shahidi, niweke sahihi, basi. Ukaniambia nisome kwanza maelezo yaliyo nyuma ya fomu. Nikakujibu nimeyasoma mara mbili. Sikuyasoma. Herufi zake zilikuwa ndogo kama siafu, na mimi ni mtu wa darasa la tano na robo. Nikikutana na neno refu, lazima nipumzike katikati.

Asubuhi ile Kinanda, yaani mdogo wako, aliamka kabla yangu. Jina hilo huenda hulizoei, alipewa na wateja wa yule fundi wa baiskeli wa pale kona, wewe ukiwa umeshaondoka. Fundi huyo ndiye aliyemkaribisha barazani kwake na kumfundisha kunyoosha magurudumu. Kinanda analizungusha gurudumu, anagusa spoku moja moja kwa ukucha, na kusikiliza. Iliyolegea inajibu kwa sauti nzito kama mtu aliyeamshwa usingizini. Iliyokazwa mno inalia nyembamba kama mke aliyechoka kungoja. Yeye anazipatanisha mpaka ziwe na sauti moja, na zikipatana, gurudumu lenyewe linanyooka. Watu wanaacha mafundi wenye macho manne wanakwenda kwake.

Basi siku ile alipiga pasi shati lake, akaweka mfukoni cheti cha shule ya wasioona na barua ya yule fundi. Alitaka kuwaeleza maafisa mwenyewe. Njia nzima alikuwa anarudia chini kwa chini atakayoyasema, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Kwenye foleni nikaangukia kati ya wazoefu. Mama mmoja, aliyempeleka mumewe mara tatu, aliniambia humo ndani ukikiri kwamba mtu wako anaweza hata kufunga kamba za viatu, unapewa pole na kurudi nayo nyumbani. Mzee mwingine akasema mwanawe alinyimwa kwa sababu aliitikia salamu kwa furaha. Nikajiambia, leo wamempata mwenyewe. Wengine wamerithi mashamba, mimi nimerithi mdomo.

Tukaitwa. Makarani kweli walisimama nilipoingia, lakini ilikuwa saa ya chakula, walikuwa wanatoka. Afisa naye kweli aliweka kalamu chini, kwa kuwa ilikuwa imeisha wino. Habari ya chai ya mlinzi niliiongeza mimi.

Afisa ni mama wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliuliza tumekaa pamoja tangu lini, na pale nyumbani namsaidia nini. Kinanda alikuwa ameshafungua mdomo ajibu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, nikaanza mimi.

Nilianza kwa kidogo. Nikasema kuoga, huogeshwa. Yule mama akaandika. Sasa wewe unanijua, mtu akianza kuandika ninayosema, mimi hupandwa na mori. Nikasema kula hulishwa, kwa maana mdomo wake mwenyewe anautafuta mpaka chakula kinapoa. Akaandika. Nikasema kisu nakificha, mkasi nauficha, sindano ndiyo kabisa. Nikasema huanguka mitaroni. Nikasema siku moja nilimkuta anazungumza na kabati akidhani ni mimi. Karani mmoja alikuwa amerudi kuchukua mwavuli wake, akasimama mlangoni kunisikiliza, na mimi nikiona wasikilizaji wawili naona uwanja umejaa. Nikahitimisha kwa kusema, huyu, mama, bila mimi ni gunia.

Gunia. Nilimwita mtoto wa dada yangu gunia, naye amekaa pembeni yangu ameshika cheti chake.

Aliinua mkono akanyoosha kola ya shati, na ile kola ilikuwa imenyooka. Afisa akamuuliza kama ana la kuongeza. Akajibu kwamba mjomba amemaliza. Mimi nikaona hiyo ni adabu nzuri niliyomlea nayo.

Tulipofika kwenye ngazi za nje akasimama. "Mjomba," akasema, "yule uliyekuwa unamsema mle ndani anaishi wapi? Nataka nikampe pole."

Nilicheka, Nesi. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikampiga begani, nikamwambia, hiyo ndiyo siasa, mwanangu. Yeye akawa anapapasa ngazi kwa fimbo yake nyeupe, na mkono wangu hakuutaka.

Ruzuku ikatoka. Nikakupigia simu. Nikawapigia na wengine, wakiwemo wasiohusika.

Sasa kuna jambo nilikuwa silijui. Kabla ya siku ile, Kinanda alikuwa ameomba kazi kwenye karakana kubwa ya kuunganisha baiskeli, ile iliyo ng'ambo ya reli. Hakuniambia, na sababu unaijua: ningeitangaza mtaa mzima na kusema ni mimi niliyemwombea. Msimamizi wa pale alimpa magurudumu matatu ya kumpima. Moja lilikuwa zima, moja limelegea, la tatu alilipinda makusudi kwenye ukingo wa meza. Kinanda akagusa lile la kwanza, akalirudisha, akamwambia hili halina ugonjwa, mnanijaribu. Mawili yaliyobaki akayanyoosha kabla chai ya msimamizi haijapoa. Akapewa nafasi papo hapo, kazi ya kudumu, wala si ya kuhurumiwa.

Haya nimeyajua Jumatatu, wiki mbili zilizopita. Nilikuwa kazini kwangu, getini pa ghala la unga, akaja bwana mmoja mfupi mwenye mikono ya grisi. Akauliza kama mimi ndiye mlezi wa yule kijana asiyeona. Kabla hajaongeza la pili, nikamwambia ndiye mimi, nimemlea kwa mikono hii unayoiona, na kila alicho nacho kimetoka kwangu. Akasubiri nimalize. Kisha akatoa karatasi kutoka mfuko wa nyuma.

Karakana yao ikiajiri mtu asiyeona, hupeleka jina lake ofisi ya ruzuku, ili apate bima na posho ya kumfikisha kazini. Nao walipeleka jina. Jibu lilirudi kwamba mtu huyo yuko daraja la wasioweza kazi yoyote. Asiachwe peke yake karibu na chombo chenye ncha. Na mkataba wowote hawezi kuutia sahihi yeye, isipokuwa mlezi wake.

Mtu wa miaka thelathini na mmoja. Anasoma nukta nundu kwa mikono miwili kama mtu anayechambua mchele. Nami nilikuwa nimemrudisha utotoni kwa dakika kumi za mdomo.

Yule msimamizi hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Mzee, mimi nimeiona mikono yake," aliniambia. "Lakini bima haioni mikono, inaona karatasi. Nafasi namshikia mpaka Ijumaa. Baada ya hapo nina foleni ya wanaoona."

Nikamuuliza, kwa kuwa mlezi ni mimi, siwezi kutia sahihi mimi tukayamaliza? Akanitazama kama mtu anayepima kamba. Akasema nikitia sahihi mimi, bima watauliza kwa nini mtu anayeutafuta mdomo wake amepewa koleo.

Jioni nilimkuta Kinanda anakata vitunguu. Kwa kisu, peke yake, vyembamba na sawasawa kama noti za benki. Habari alikuwa nayo tayari. Akasema tu kwamba amesikia msimamizi alipita kwangu. Nikamjibu ni jambo dogo, nitalimaliza kwa simu moja. Akanipakulia chakula, akajipakulia chake, tukala, na mdomo wake aliupata bila shida kila tonge. Wangu ndio uliokuwa hauonekani.

Jumanne sikwenda ofisini. Nilisingizia goti.

Jumatano nilikwenda, lakini peke yangu, tena na hadithi mpya. Hapa ndipo aibu yenyewe inapoanza kunikolea, kwa sababu ungedhani mtu akishaungua huogopa moto. Nilimwambia yule afisa kwamba kijana amepata nafuu. Akauliza, macho yamefunguka? Nikasema hapana mama, mkono. Siku hizi mdomo anaupata.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaniuliza kama niliyasoma maelezo ya nyuma ya fomu. Nikasema mara mbili. Akaigeuza ile fomu akanisomea polepole, kama wewe unavyomsomea mgonjwa dozi. Imeandikwa kwamba mtu asiyeona anastahili ruzuku kwa cheti cha daktari peke yake. Akipata kazi haikatwi, inabadilishwa daraja tu, iwe ya nauli na vifaa vya kazini. Shahidi anatakiwa aseme anamfahamu na anaishi naye. Yale maswali ya namsaidia nini ni ya kujua tu kama anahitaji mtu wa kumwongoza njia.

Yaani ningesema ni mpwa wangu, tunaishi pamoja, anajimudu, kisha nikafunga bakuli langu, kila kitu kingepatikana, ruzuku na kazi pia. Hakuna aliyeniomba gunia.

Hapo nilinywea. Nikamwomba anisahihishie kimya kimya, yeye si ana kalamu? "Mzee," akasema, "maelezo hayafutwi na aliyeyaandika, hufutwa na aliyeyasema. Nitakusomea mstari mmoja mmoja, utaniambia ni kweli au ni uongo. Na kijana awepo."

Nikamuuliza kama ni lazima awepo.

"Alikuwepo ulipoyasema," akanijibu.

Kinanda nilimwambia Alhamisi asubuhi, nikiwa nimempa mgongo, najifanya nafunga viatu. Kumpa mgongo mtu asiyeona. Tazama akili ya mjomba wako ilipofika. Nilizunguka sana, nikapita kwenye habari za serikali na fomu zilizopitwa na wakati, yeye akaningoja mpaka nilipoishiwa. Kisha akauliza tunatoka saa ngapi.

Chumba kilikuwa kile kile, ila safari hii haikuwa saa ya chakula, na makarani wote wawili walikuwepo. Afisa akafungua faili. Nilidhani itakuwa kama kumeza kidonge kichungu, unafumba macho kimekwenda. Kumbe neno uongo ni jepesi ukimwambia mwenzako. Ukilisema juu ya maneno yako mwenyewe lina mizizi, halitoki.

Akasoma, huogeshwa. Nikasema, uongo. Akaniomba nipaze sauti, karani aandike. Nikapaza.

Hulishwa, mdomo anautafuta. Uongo. Kisu kinafichwa. Uongo. Nikaongeza kwamba pale kwetu kisu kikipotea, mtafutaji ni yeye. Akaniambia nijibu nilichoulizwa.

Huzungumza na kabati. Karani mmoja akakohoa, na kikohozi kile nakijua, ni kicheko kilichovaa koti. Nikasema uongo, aliyezungumza na kabati ni mimi, nilikuwa najizoeza hotuba ya harusi ya dada yake. Samahani kwa kukutaja, Nesi, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Huanguka mitaroni. Hapo nikakwama. Nikasema ni kweli, lakini mara moja tu. Afisa akauliza ilikuwaje. Ikabidi niseme kwamba siku hiyo nilikuwa nimemshika mkono mimi. Tulikutana na mtu ninayemfahamu, nikawa namwonyesha nilivyomnyang'anya mwizi panga, na ile hadithi inahitaji mikono miwili. Nikamwachia. Afisa akauliza, na mwizi? Nikamwambia mama, mwizi hakuwepo. Nilimsikia Kinanda akipumua kwa pua, kama mtu aliyejizuia kucheka.

Ukabaki mstari wa mwisho. Afisa akausoma, bila mimi ni gunia, akasubiri. Nesi, lile neno dogo halikutosha. Nikamgeukia mdogo wako, nikamwambia, uongo, mwanangu.

Akasema, "Mwambie mama. Ndiye anayeandika."

Nikamgeukia mama, nikamwambia.

Wahenga walisema mwenye kuvuliwa nguo huchutama. Mimi nilichutama pale, mbele ya makarani wawili na feni mbovu, na jasho jembamba lilinitiririka mpaka kwenye soksi.

Baada ya hapo nikapewa karatasi nyeupe niandike maelezo mapya kwa mkono wangu. Niliandika nusu ukurasa kwa muda ambao wewe ungeandika kitabu. Afisa akausoma kwa sauti, Kinanda akasikiliza, akakubali. Akaomba awekewe ukingo wa rula pale pa kutia sahihi, akaiandika sahihi yake, moja, imenyooka kuliko yangu. Muhuri ukagongwa.

Ijumaa asubuhi aliipeleka karatasi ile karakana mwenyewe. Nilitaka kumsindikiza. Akaniambia nisikose kazini kwangu. Msimamizi aliisoma, akaitia kwenye jalada, akamwambia Jumatatu aje na aproni.

Amemaliza wiki ya kwanza. Walimpa meza ya karibu na dirisha kwa heshima, akawaambia dirisha wampe anayelihitaji, yeye wampe mbali na mashine ya kupulizia rangi, maana inamharibia masikio. Wamecheka, wamemhamisha. Sasa wafanyakazi wengine wakitilia shaka gurudumu wanamletea alisikilize. Haya sikuyaona, nimeambiwa na fundi wa kona, kwa hiyo yaamini.

Kama amenisamehe, sijui. Ananisalimia vizuri, ananipakulia, ananiuliza goti linasemaje. Lakini akija mgeni siku hizi, Kinanda hunyoosha mkono wake na kusema yeye neno la kwanza, hanisubiri tena. Mimi hukaa pembeni nikijifunza kunyamaza. Ni ufundi, na nimeuanza nikiwa na mvi.

Naomba radhi kwako, uliyenikabidhi mdogo wako ukidhani umemkabidhi mtu mzima. Dada yangu naye namwomba radhi huko aliko, yeye ambaye tangu utoto alikuwa ananiambia, kaka, simulia lakini usiuze watu. Zile shukrani ulizonipa kwenye simu nakurudishia zote. Na ukitaka habari za Kinanda usinipigie mimi, mpigie mwenyewe. Ana simu inayomsomea.

Nisalimie mkwe wangu, mwambie namheshimu hata kama zile hadithi za harusini kuhusu mimi na simba asiziamini. Wabusu wajukuu zangu wawili. Mama mwenye duka la nyuzi anakusalimu, fundi wa kona anakusalimu, na shangazi yako wa ghorofani anauliza utarudi lini akuone kabla magoti yake hayajagoma ngazi. Kinanda naye anakusalimu sana. Amesema mengine atakueleza mwenyewe, na mimi nisimwekee maneno. Mungu akutunze mikono hiyo inayoinua wagonjwa, akunyooshee mgongo, na akupe usingizi mnono baada ya zamu.

Nimeambatisha nakala ya yale maelezo mapya, maana ofisi ilinipa mbili. Utayasoma, na jicho lako nalijua, kwa hiyo bora nikwambie kabla hujaona. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya yote niliyoyakanusha, nimeandika kwamba kazi ya magurudumu nilimfundisha mimi. Sijui ilitokeaje. Nafasi ilikuwa imebaki kwenye karatasi. Afisa alipoufikia, alisita, akamuuliza Kinanda kama upo mstari wa kufuta. Kinanda alikuwa ameshika kalamu. Akafikiri kidogo, akasema, "Huo mwachie mjomba." Kisha ndipo akatia sahihi.

Sikumfundisha, Nesi. Hata kuziba pancha sijui.

Wako akupendaye, na hapo sijatia chumvi,

Mjomba.